Nabongo Mumia na Koitalel arap Samoei Watazamwapo kutoka Khwisero

Katika historia ya magharibi mwa Kenya, Mumia wa Wanga, aliyeshika cheo cha Nabongo, yaani mfalme, mnamo 1882, hulinganishwa mara nyingi na Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, ambaye mamlaka yake yalitokana zaidi na uaguzi kuliko kiti cha enzi. Mmoja huitwa msaliti na mwingine shujaa, lakini hukumu hiyo haimtoshelezi mtu wa Khwisero, huko Kakamega, kwa sababu Wakisa wa huko ni majirani wa Marama, ambako utawala wa Wanga ulijulikana kwa kodi na kazi za lazima.

Mumia alirithi dola ndogo iliyobanwa na majirani na iliyokwisha kuzoea misafara ya pwani, hivyo aliwapokea Waingereza kama washirika wa kumwongezea nguvu. Mwaka 1895 ofisa wa Kiingereza C. W. Hobley alitoka Mumias, makao ya Mumia, kwenda kuwapiga Wabukusu kule Lumboka na Chetambe, na mwaka 1909 Mumia akatangazwa chifu mkuu, huku ndugu zake wakipewa nchi za watu wengine: Mulama akaitawala Marama, naye Murunga akatawala Kimilili. Hapo ndipo lilipo doa kubwa la urithi wake, kwani machifu hao walitegemea serikali kuliko ridhaa ya wenyeji.

Koitalel aliongoza upinzani wa takriban miaka kumi, ambao ndani yake Wanandi walichukua nyaya za simu na vyuma vya reli kutengenezea mapambo na silaha. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, akapigwa risasi na ofisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen. Wanandi wakapoteza sehemu ya ardhi yao, na fimbo za uongozi wa Koitalel zikapelekwa Uingereza hadi ziliporejeshwa mwaka 2006.

Hata hivyo, ushirikiano haukuwalinda watu wa Kakamega dhidi ya tishio lilelile la ardhi: dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1931, sheria ya ardhi za wenyeji ilibadilishwa mwaka uliofuata ili kuwarahisishia wachimbaji. Kwa hiyo chama cha North Kavirondo Central Association kilidai pawepo chifu mkuu wa Waluhya wote wa kuitetea ardhi yao, na jina lililotajwa lilikuwa la Mumia, ambaye wakati huo alikuwa mzee sana na ambaye alifariki mwaka 1949.