Wana, Leseni Kwanza, Friji Baadaye

Wana wengi wa Msasani wakidaka mkwanja wa kikoba wafungue biashara ya tungi, kitu cha kwanza ni friji, cha pili spika. Leseni? "Tutaisoma mbele." Inaniuma sana kuona dogo kajibana kinoma, halafu anafungiwa mlango kabla hata hela ya viti haijarudi.

Kwanza jua unafungua kitu gani. Watu wakae wapige tungi palepale, hiyo ni baa. Mtu anunue akanywee gheto, hiyo leseni nyingine kabisa. Usikate ya kubeba halafu umwage viti vya plastiki nje mpaka barabarani.

Sheria ya Vileo ni ya 1968 na bado inakaza. Leseni unaikatia manispaa, huku kwetu Kinondoni, na maombi siku hizi yanapita kwenye mfumo wa Tausi. TIN na mambo ya TRA weka sawa mapema, hayana stori ndefu.

Kazi yenyewe ipo kitaa. Ombi lako linaanzia serikali ya mtaa, linapanda kata, na kule kamati ya maendeleo inakaa kulijadili. Bila muhtasari wao manispaa unasugua benchi tu. Mjumbe anayekuulizia pale anajua kama fremu yako inatazamana na madrasa au la. Bwana afya naye atazama chooni: maji yapo? Cha wanawake kiko wapi? Nimeona fremu kali, taa za bluu, kaunta ya marumaru, choo kimoja nyuma kimefungwa na pazia la kanga. Dada gani atarudi hapo mara ya pili?

Halafu kelele. Hapa ndo watu wanaumia. Nenda Bonde la Mpunga, hapahapa Msasani, usiku: nyumba zimebanana, dirisha la mtu linapumulia ukuta wako. Kanuni za kelele za 2015 zinataka maeneo ya makazi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na hiyo 35 ni kama watu wananong'ona. Sabufa lako litaingia hapo? NEMC, wale wa mazingira, wameshafungia baa kibao Dar kwa ishu hii, na zenye leseni zimo. Mimi nasimama na majirani. Kuna mtoto ana mtihani asubuhi, kuna bimkubwa ana presha, na wewe hela yao hujawahi kuila.

Kwa hiyo kabla hujamlipa mwenye fremu kodi ya miezi sita, piga hodi nyumba ya nyuma. Msalimie mama shikamoo, kaa chini, mwambie unataka kufungua nini, utafunga saa ngapi na spika itaangalia wapi. Akigoma, sepa katafute fremu nyingine, mkwanja bado unao mfukoni.