Je, Wajua? Nembo ya Biashara Yako Husafiri Bila Wewe

Siku hizi programu ya ofisi inaweza kuijua sura ya kampuni kabla mwenye kampuni hajajitambulisha. Inajuaje? Na ikimtafuta mfanyabiashara wa Kibondo au Kasulu, mkoani Kigoma, inaona nini?

Je, wajua kwamba kompyuta haihitaji jina la kampuni ili kuipata nembo yake? Inatosha kujua kilichoandikwa baada ya alama ya @ kwenye barua pepe. Programu ya kuhifadhi taarifa za wateja huituma sehemu hiyo kwa huduma ya kujaliza taarifa, nayo hurudisha nembo, rangi, aina ya herufi, maelezo mafupi na kurasa za mitandao ya kijamii. Vyote hivyo huweza kupangwa kwenye ankara bila mtu kugusa kitu.

Je, wajua kwamba muuza asali wa Kitahana, wilayani Kibondo, anayetumia anwani ya gmail.com anaweza kuletewa nembo ya Google? Mashine haina ujanja: imeulizwa gmail.com, imejibu gmail.com. Ndiyo maana huduma makini huziruka anwani za bure, na muuza asali hubaki bila sura yoyote.

Je, wajua kwamba kwa mashine, Kibondo na Kasulu zina sura moja? Tovuti za halmashauri zote mbili hubeba Ngao ya Taifa, na mwaka 2017 tovuti za mikoa na halmashauri nchini zilizinduliwa zikiwa zimejengwa kwa kiunzi kimoja. Usije ukaibandika Ngao hiyo kwenye gunia lako la maharage: Sheria ya Nembo za Taifa ya 1971 inailinda.

Je, wajua kwamba mwisho wa anwani ya tovuti nao ni taarifa? Ukiona .co.tz, hiyo ni ya biashara; .or.tz ni ya asasi; .ac.tz ni ya vyuo; .go.tz ni ya Serikali. Kabla hata ya kuona nembo, programu imeshajua nchi na aina ya taasisi.

Je, wajua kwamba picha ndogo inayokaa pembeni ya jina la ukurasa kwenye kivinjari ilianza na Internet Explorer 5, mwaka 1999? Ilikuwa na nukta 16 kwa 16 tu. Mashine ikikosa nembo nzuri, mara nyingi huchukua hiyo hiyo, ndipo unapokuta nembo iliyofifia kwenye risiti.

Je, wajua kwamba rangi ya kampuni husafiri kama maandishi? Nyekundu tupu huandikwa #FF0000. Kwa mtindo huo wa tarakimu na herufi sita, zinapatikana rangi 16,777,216.

Je, wajua kwamba taarifa za nembo huchacha? Wakazi wa Kasulu wameuona mtandao mmoja wa simu ukiitwa Celtel, ukawa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Mtandao mwingine, Tigo, nao ukawa Yas mwishoni mwa 2024. Hifadhidata isiyosasishwa ingali inamkaribisha mteja kwa jina la zamani.

Je, wajua kwamba hata mwenye duka la nembo hufunga duka? Clearbit ya Marekani iligawa nembo bure kwa miaka: uliandika anwani ya tovuti, ukapata picha. Kampuni ya programu ya HubSpot iliinunua mwaka 2023, na huduma hiyo ya bure ikafungwa mwishoni mwa 2025. Tovuti zilizoitegemea zikabaki na miraba mitupu.

Je, wajua kwamba kahawa ya wakulima wa Kalinzi, mkoani Kigoma, iliwahi kuuzwa Marekani na Green Mountain Coffee kwa jina la Gombe Reserve? Mashine ingetafuta nembo, ingeleta ya muuzaji huyo wa jimbo la Vermont. Aliyepalilia mibuni asingeonekana.

Je, wajua kwamba namba ya msimbomilia inayoanza na 620 imetolewa na GS1 Tanzania, shirika linalogawa namba hizo? Inaonyesha namba iliandikishwa wapi. Haithibitishi kwamba bidhaa imetengenezwa hapa.

Je, wajua kwamba kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa Serikali wa usajili wa biashara, hakukupi umiliki wa nembo? Nembo husajiliwa peke yake, kwa Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10. Nao unaishia Tanzania Bara. Zanzibar ina usajili wake.

Je, wajua kwamba nembo ya kampuni si taarifa binafsi, lakini jina na barua pepe ya karani wake ni taarifa binafsi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu kila anayezikusanya, hata kama kazi hiyo ameiachia programu.

Basi wewe mwenye ghala Kibondo au kinu Kasulu: sajili alama yako, chukua anwani ya .co.tz, weka nembo safi kwenye tovuti na uitumie anwani hiyo kwenye barua pepe zako. Mashine huokota ilichokikuta. Usipojiwekea sura, itakuvika ya mwingine.