Ligi ya Vijana Nakivale: Mpira, Ngoma na Daftari la Usajili

Ligi ya vijana ya mtaani ni mashindano ya mpira ambayo wakazi huyaendesha wenyewe kwa ajili ya watoto wao, nje ya ligi za vilabu na nje ya michezo ya shule. Haina tiketi wala mishahara, na mara nyingi uwanja wake hauna hata uzio. Mpira wa jioni unapatikana kila kona ya Afrika Mashariki, hata ule wa makaratasi yaliyofungwa kwa kamba. Ligi ni shughuli nyingine: ina ratiba, ina daftari la usajili, na ina refa ambaye pande zote mbili zimekubali kupigiwa naye filimbi. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, kazi ya kupata vitu hivyo huonekana wazi kuliko kwingineko, kwa kuwa wachezaji wametoka nchi nyingi na baadhi yao wametoka pande zilizokuwa zikipigana.

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, iliyokuwa sehemu ya Mbarara hadi katikati ya miaka ya 2000. Makazi yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, Wanyarwanda walipokimbia machafuko ya kwao, na leo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Eneo lake ni kilomita za mraba 185 hivi, lililogawanywa katika zoni tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Wakongo ndio wengi, kisha wapo Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Hakuna uzio wala mahema yaliyopangwa mistari. Familia hupewa kiwanja, hujenga, hulima, na watoto husoma pamoja na wa wenyeji. Kiswahili, hasa kile cha Kivu, mashariki mwa Kongo, ndiyo lugha ambayo kocha anaweza kuitumia na kueleweka na sehemu kubwa ya timu.

Uamuzi wa kwanza wa kamati ya ligi ni namna ya kuunda timu, na ndio unaozaa mengine yote. Njia rahisi ni kila kijiji kilete timu yake. Lakini vijiji vingi vya Nakivale vilikua kwa watu kuwafuata ndugu na wanataifa wenzao, hivyo ukisema kijiji kwa kijiji, umeshapanga Wakongo wacheze na Warundi bila kukusudia. Mechi ya namna hiyo ina mashabiki wengi na raha nyingi, mpaka bao litakapokataliwa. Njia ya pili ni kutumia shule, ambako watoto tayari wamechanganyika madarasani. Kasoro yake ni kuwaacha nje walioacha shule, nao ndio wanaoihitaji ligi zaidi. Njia ya tatu ni kuandikisha kila mtoto peke yake, kisha kugawa timu kwa kura ndani ya zoni. Makocha huichukia, maana hakuna anayejua atapata kipa gani. Hata hivyo hiyo ndiyo njia bora kwa watoto wa chini ya miaka 13: umri huo bado hauna deni la upande wowote. Kwa wakubwa, timu ya kijiji haiepukiki, na kazi ya kamati ni kuhakikisha vijiji vya wenyeji wa Isingiro navyo vinaingia. Utaratibu wa Uganda wa misaada, kwamba karibu asilimia 30 iwafikie wenyeji, umezoesha watu wazo hilo.

Kamati haiwezi kufanya kazi hewani. Wakimbizi huchagua viongozi wao katika mabaraza ya ustawi yenye ngazi tatu, yaliyoigwa kwenye muundo wa mabaraza ya mitaa ya Uganda, na huko ndiko kamati hupata wa kuisikiliza. Juu yao ipo Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo husimamia makazi kupitia komandanti. Ardhi ya uwanja, mikusanyiko mikubwa na safari za watoto kwenda nje ya makazi ni mambo ya kuombewa ruhusa mapema. Kamati inayoanza kwa kununua jezi kabla ya kupata barua ya ruhusa hujikuta na jezi bila uwanja.

Baada ya timu huja umri, na hapo ndipo ligi nyingi hufia. Mchezaji aliyepita umri, ambaye mashabiki humwita kijeba, anaweza kuharibu msimu mzima wa timu pinzani na hata kumvunja mtoto mguu. FIFA ilianza kupima kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2009. Ligi ya kijiji haina mashine hiyo, na nyaraka nazo zina matatizo yake: wakimbizi wengi waliofika bila cheti huandikwa wamezaliwa tarehe 1 Januari ya mwaka uliokadiriwa. Karatasi ya familia ya mkimbizi hutoa mwaka wa kuzaliwa tu, tena kwa makisio. Kinachosaidia ni kuweka ushahidi kadhaa pamoja: karatasi hiyo, darasa analosoma, neno la mzazi, na wazee wa kijiji wanaojua nani alizaliwa kabla ya nani. Daftari lenye picha za wachezaji, lililofungwa kabla ya mechi ya kwanza na kusomwa mbele ya makocha wote, huzuia pia mamluki, yaani wale wanaoazimwa timu nyingine siku ya mechi kubwa. Pingamizi zitolewe siku ya kusoma daftari. Anayesubiri hadi afungwe ndipo akumbuke kwamba mshambuliaji wa wenzake ana ndevu, asisikilizwe.

Ratiba ni hesabu. Timu 8 zikikutana mara moja moja hutoa mechi 28, zikirudiana, 56. Ukiwa na makundi ya chini ya miaka 13, 15 na 17, mzunguko mmoja tu unafika mechi 84. Nakivale iko karibu na ikweta, jua huzama saa moja jioni au karibu na hapo mwaka mzima, na saa saba mchana ni joto la kuwaumiza watoto. Kati ya saa tisa na kiza, uwanja mmoja hubeba mechi tatu fupi. Kisha kuna ibada: Ijumaa mchana ni ya Waislamu, Jumamosi ya Wasabato, Jumapili asubuhi ya makanisa mengine yote. Jumapili alasiri ndiyo saa ambayo karibu kila mtu yupo huru. Ongeza mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba, kupanda na kuvuna, na foleni ya maji ambayo watoto ndio hutumwa. Kwa sababu hiyo ligi nyingi za watoto hupendelea likizo za shule, hasa ya Desemba na Januari, na hubana mashindano kwa makundi mawili na mtoano badala ya mzunguko kamili.

Sheria za mchezo ni zilezile za dunia, lakini bodi ya kimataifa ya sheria za soka, IFAB, inaruhusu zipunguzwe kwa vijana. Uwanja unaweza kuwa mdogo, goli dogo, mpira mwepesi, dakika chache. Mchezaji aliyebadilishwa anaweza kurudi, na adhabu ya kukaa nje kwa muda inaweza kutolewa kwa makosa ya kadi ya njano. Kipengele cha kurudi uwanjani kina thamani kubwa Nakivale. Tangu mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limekuwa likigawa chakula kwa viwango kulingana na uhitaji, na familia nyingi zilipunguziwa. Kocha anayejua hilo habakizi mtoto uwanjani dakika zote.

Refa hupatikana kwa shida kuliko mpira. Anatakiwa mtu asiyetoka kijiji chochote kati ya viwili vinavyocheza, na ikiwezekana washika vibendera watoke mataifa tofauti. Mwalimu wa shule hufaa, kwa kuwa watoto wamezoea kumtii. Rufaa iandikwe, iende kwa kamati, ijibiwe kabla ya wikendi inayofuata. Timu isiyofika hupoteza mezani. Timu inayomzingira refa hukatwa pointi, adhabu ambayo huuma kuliko faini kwa watu wasio na fedha.

Kuhusu pointi, mfano wa kuigwa uko Nairobi. Mathare Youth Sports Association, MYSA, iliyoanzishwa mwaka 1987 na Mkanada Bob Munro katika mtaa wa mabanda wa Mathare, ilizipa timu pointi za ligi kwa kufagia mitaa na kuzibua mitaro. Ilibuni pia kadi ya kijani, ambayo refa humpa mchezaji aliyeonyesha uungwana. Kutoka humo ilizaliwa Mathare United, bingwa wa Kenya mwaka 2008, na MYSA ilisaidia kupeleka utaratibu huo katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya.

Pembeni mwa mstari kuna mchezo mwingine: ushangiliaji. Huko Marekani, ligi nyingi za watoto za mpira wa Kimarekani, kama Pop Warner iliyoanza mwaka 1929, husajili wachezaji na vikundi vya washangiliaji pamoja. Ushangiliaji huo wa kupangwa ulianzia Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1898, ukiongozwa na mwanafunzi wa kiume, na mwaka 2021 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua kikamilifu shirikisho lake la dunia. Nakivale haihitaji kuagiza ushangiliaji. Warundi wana ngoma zao, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014. Wakongo wana ndombolo, Wasomali wana dhaanto, na wenyeji Wanyankole wana ekitaguriro yenye miruko yake. Ligi ikiweka shindano la washangiliaji lenye majaji na zawadi yake, umati hupata kazi nyingine mbali na kumtukana refa. Masharti ni machache: ngoma zikae nyuma ya mstari, na wimbo wenye kutukana taifa la mtu uinyime timu pointi.

Hatari ya shindano hilo ni kuwaachia wasichana ushangiliaji na wavulana mpira. Wasichana wakipewa ratiba yao na saa ya mapema kidogo ili wafike nyumbani kabla ya giza, hujitokeza. Mama anayemjua kocha humruhusu binti. Asiyemjua hamruhusu, na ana haki. Kocha mwanamke kwa kila timu ya wasichana, mahali pa kubadilishia nguo, na marufuku ya mtu mzima kubaki peke yake na mtoto ni mambo ya lazima. Kwa wasichana wa Kisomali hijabu si kikwazo: IFAB iliruhusu rasmi vazi la kichwa mwaka 2014.

Gharama zenyewe si kubwa: mipira, chokaa au majivu ya mistari, filimbi, jezi za kuazimana, nauli ya bodaboda kwa refa. Bei halisi huja mtoto anapovunjika. Vituo vya afya vya makazi hushughulikia majeraha madogo, na makubwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, kilomita 50 au zaidi. Kamati iwe na namba ya gari kabla ya filimbi ya kwanza.

Mbarara ndiko pia macho ya vijana yanakoelekea. Uwanja wa Kakyeka umewahi kuwa nyumbani kwa Mbarara City katika Ligi Kuu ya Uganda, na ngazi za shirikisho la soka la Uganda, FUFA, hushuka kutoka ligi hiyo hadi ligi za wilaya. Kwa mkimbizi mdogo ngazi hiyo ina kikwazo cha ziada. Kanuni ya FIFA ya kulinda watoto huzuia klabu kumsajili kwa mara ya kwanza aliye chini ya miaka 18, asiye raia, na ambaye hajaishi nchini miaka mitano mfululizo, isipokuwa kwa kibali maalumu; waliokimbia kuokoa maisha wana kifungu chao, lakini maombi hupitia shirikisho la nchi. Timu ya taifa ni mbali zaidi. Inataka uraia, na katiba ya Uganda ya mwaka 1995 haimpi uraia wa moja kwa moja mtoto wa wakimbizi kwa sababu tu amezaliwa Uganda. Eduardo Camavinga, mwana wa Wakongo aliyezaliwa kambini Angola, aliichezea Ufaransa, na Awer Mabil, aliyezaliwa Kakuma, aliichezea Australia, baada ya nchi hizo kuwapa uraia. Klabu ya Mbarara inayomtaka kijana wa Nakivale huanza kwa kuuliza tarehe aliyoingia Uganda, na jibu hutafutwa katika karatasi ya familia ileile iliyotumika kumwandika kwenye daftari la ligi.