Korongo na Ohinga: Ziara ya Siku Moja kutoka Daraja Mbili

Utangulizi

Tembea uone, walinena wahenga. Nchini Sri Lanka, mgeni huweza kutazama ndovu na chui katika Hifadhi ya Yala, kisha akazuru Sithulpawwa, hekalu la kale la Wabudha lililo katika eneo hilohilo. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba aliyeko Daraja Mbili, mjini Kisii, ana ziara ya aina hiyo karibu naye: Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, Kaunti ya Homa Bay, na ngome ya mawe ya Thimlich Ohinga, Kaunti ya Migori. Aidha, yanajadili nafasi ya Kiswahili katika kazi ya kuongoza wageni.

Asubuhi: Mbuga ya Ruma

Msafiri hupitia Rongo hadi Rodi Kopany, kisha hushika njia ya kuelekea Ndhiwa. Inafaa kuanzia mbugani kwa sababu wanyama huonekana vyema kabla jua halijawa kali.

Ruma ina ukubwa wa kilomita 120 za mraba katika Bonde la Lambwe. Ilitengwa kuwa hifadhi mwaka wa 1966, ikapandishwa hadhi kuwa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1983. Kwa miaka mingi mbung'o waenezao ugonjwa wa malale waliwazuia watu na mifugo kulikalia bonde hilo. Hivyo mdudu aliyeogopwa na wafugaji alichangia kuwahifadhi wanyamapori.

Mnyama anayeipa mbuga hii sifa ya pekee ni korongo, paa mkubwa mwenye pembe zilizopinda kuelekea nyuma na uso wa madoa meusi na meupe. Nchini Kenya, korongo wa asili wamesalia Ruma pekee. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopata funzo la homonimia. Neno "korongo" hutaja pia ndege mwenye miguu mirefu, na vilevile bonde jembamba lililochimbwa na maji, kama lile la Olduvai nchini Tanzania. Upatanisho wa kisarufi hulitenga bonde: tunasema "korongo lile" kwa bonde, lakini "korongo yule" kwa mnyama na ndege. Wawili hawa wa mwisho hutofautishwa na muktadha tu. Kiongozi asiyelijua jina hili huishia kusema "swala", na kumchanganya na taya, tohe, nyamera na kongoni, ilhali kila mmoja ana jina lake. Mgeni aliyeambiwa "swala" hawezi kufahamu kwamba amemwona mnyama anayekaribia kutoweka nchini.

Alasiri: Thimlich Ohinga

Katika Kijaluo, "ohinga" ni boma lenye kuta za kujikinga, na "thimlich" ni msitu wa kutisha. Wataalamu wanakadiria kwamba kuta hizi zilijengwa katika karne ya 16. Kimo chake ni kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wake wastani wa mita moja. Hakuna saruji wala udongo wa kuunganishia. Wajenzi walipanga mawe upande wa nje na wa ndani, wakajaza vipande vidogo katikati, mawe yakashikana kwa uzito wake. Malango ni mafupi, hivi kwamba aingiaye hulazimika kuinama, na adui aliyeinama hana nguvu. Boma kubwa zaidi huitwa Kochieng. Pana pia mabaki ya shughuli za kuyeyusha chuma.

Eneo hili lilitangazwa kuwa turathi ya kitaifa mwaka wa 1981. Mnamo 2018, UNESCO iliiorodhesha Thimlich Ohinga kuwa Urithi wa Dunia.

Ngome hii ni ya nani? Wengi wa watafiti wanaamini kwamba waanzilishi walikuwa jamii za Kibantu, na kwamba Wajaluo waliofika baadaye walizikalia na kuzikarabati kuta hizo. Basi Mkisii na Mjaluo wasimamao hapo hawana sababu ya kugombea mawe. Ukuta usio na saruji hubomoka usipotunzwa. Umesimama hadi leo kwa kuwa waliofuata waliendeleza kazi ya waliotangulia.

Hitimisho

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ili mwenyeji apone kwa utalii wa ndani, sharti aweze kueleza alicho nacho. Kiongozi Mjaluo na mgeni kutoka Kisii hukutana katika Kiswahili, na ni wajibu wetu wanafunzi na wahadhiri kukusanya istilahi za wanyama, ujenzi na akiolojia zitakazowafaa. Neno "ohinga" lenyewe listahiki kukopwa kama lilivyo, kwa sababu "ngome" hutukumbusha mizinga na wanajeshi, ilhali humu waliishi watu na ng'ombe wao. Tukianza na majina sahihi, atakayesafiri kutoka Daraja Mbili atarudi jioni akiwa na mengi ya kuwasimulia wenzake.