Kinachokaa Katikati ya Mlo wa Wahadzabe

Desemba ikikaribia, kumbi za sherehe za Arusha na Babati huvishwa vitambaa vinavyong'aa, na katikati ya kila meza huwekwa maua ya plastiki. Huko Marekani, familia hupamba meza ya Sikukuu ya Shukrani ya Novemba kwa maboga, majani makavu na vibuyu vya rangi mbalimbali. Wametuzidi hapo, kwa kuwa pambo lao limeota ardhini. Lakini bonde la Yaeda, kusini mashariki mwa Ziwa Eyasi, limejaa vitu vya namna hiyo, na Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wachumaji wanaoishi humo, wana desturi inayonigusa zaidi: kinachowekwa katikati ya watu ni cha kuliwa, na kinagawanywa.

Meza hakuna. Kuna moto, jiwe bapa na kivuli cha mti, na kinachokaa hapo hutegemea majira. Kiangazi kikikaza, maji yakabaki sehemu chache, wanyama huyafuata na wawindaji huwavizia usiku kwa upinde na mishale ya sumu. Mvua zikinyesha, asali huwa tele. Mizizi ya kuchimbwa ipo mwaka mzima. Wanawake huitoa ardhini kwa mti uliochongwa ncha, huibabua kidogo motoni, kisha huitafuna na kutema nyuzi zake.

Mabuyu nayaona kuwa mfalme wa mlo huo. Mwanamke hulipasua ganda kwa jiwe, na ndani hutoka vipande vyeupe vikavu, vimeshikana na mbegu kwa nyuzi nyekundu. Watoto humumunya hivyohivyo, ule uchachu ukiwakunja nyuso. Mama huvitwanga juu ya jiwe bapa kwa jiwe la mkononi, mbegu na yote, kisha hupepeta maganda yapeperuke. Unga unaobaki hukorogwa na maji ndani ya kibuyu hadi uwe uji mzito, mweupe, wa baridi. Asali ikiwepo, huongezwa. Sisi wa mjini tunaojua ubuyu wa kupakwa rangi na sukari tungeonja huo, tungeona tulichopoteza.

Asali nayo ina kazi yake. Ndege mlembe huita, mwindaji humjibu kwa mluzi, na wawili hao hufuatana hadi kwenye mzinga. Mara nyingi mzinga uko juu ya mbuyu mnene usiokumbatika, hivyo mwanamume hupigilia vigingi vya mti kwenye shina, kimoja juu ya kingine, akipanda huku ameshika kijinga cha moto cha kufukiza nyuki. Hula hapohapo akashiba, na inayosalia huipeleka kambini. Masega huliwa pamoja na majana ya nyuki, na hakuna anayebanduka kabla hayajaisha.

Kibuyu ndicho chombo kinachowaunganisha majirani wote wa bonde. Wadatoga hutunzia maziwa ndani yake. Wairaqw wa nyanda za juu za Mbulu wanavyo vyao. Wahadzabe hubebea maji na asali. Kibuyu hicho kikitiwa punje na kufungwa huwa kayamba ya ngoma ya epeme, inayochezwa usiku usio na mbalamwezi, moto ukiwa umezimwa. Mwanamume hutoka gizani amevaa manyoya kichwani na njuga mguuni, na wanawake humwimbia. Epeme pia ni jina la nyama ya heshima. Mnyama mkubwa akiuawa, baadhi ya sehemu zake, moyo na figo zikiwemo, huliwa na wanaume waliokwisha kuingizwa katika desturi hiyo tu, mbali na macho ya wengine. Nyama iliyobaki huenda kwa kambi nzima, na mwindaji hana haki ya kuifungia nyumbani kwake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye adabu ya juu kuliko karamu zetu nyingi, ambako mwenye kadi ya mwaliko hula na jirani husikia harufu.

Mlo huu unategemea mibuyu, na mibuyu inategemea ardhi. Katikati ya miaka ya 1960 serikali iliwakusanya Wahadzabe katika makazi ya kudumu Yaeda Chini, wapewe mashamba na shule. Wengi waliugua, na baada ya muda wengi walirudi porini. Mashamba na mifugo ya jamii nyingine viliendelea kuwabana. Mwaka 2011 walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja kwa zaidi ya hekta 20,000 bondeni humo, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team. Hati hiyo inalinda kila kitu nilichokitaja hapa, kuanzia kayamba hadi uji wa ubuyu.

Basi msimu huu, wewe unayetaka kupamba meza yako kwa vitu vya asili, nunua kibuyu kwa fundi aliyekichonga, ujaze ubuyu halisi, uweke na asali ya porini pembeni, wageni wale. Na ukisikia mtu anapendekeza kukata mibuyu ya Yaeda ili alime, simama upande wa wenye hati.