FAINI YA MAEGESHO MAHALI PASIPO NA ALAMA: HAKI YA DEREVA NA MIPAKA YAKE

Watumishi wa Serikali na wakaazi wengi wa Visiwani wanaovuka kwenda Dar es Salaam hufika Keko, Wilaya ya Temeke, kununua vitanda, makabati na viti kwa mafundi seremala wa huko. Kabati la milango mitatu halibebwi kichwani. Huhitaji gari, na gari huhitaji mahali pa kusimama. Hapo ndipo dereva anapoweza kuandikiwa faini ya kuegesha mahali palipokatazwa, ilhali yeye hakuona kibao wala mstari wowote wa kumkataza. Makala haya yanakusudia kueleza ni lini dereva wa namna hiyo ana hoja, na ni lini hana.

Kwanza ieleweke kwamba Keko si Darajani. Jeshi la Polisi ni jambo la Muungano, lakini sheria za barabarani ni mbili. Zanzibar inatumia Sheria ya Usafiri Barabarani Namba 7 ya mwaka 2003, na Tanzania Bara inatumia Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168. Dereva mwenye gari la namba ya Zanzibar akiwa Keko anahukumiwa kwa hiyo ya pili, na haitamfaa kitu kutaja vifungu vya kwao.

Kifungu cha 95 cha Sheria hiyo kinampa askari uwezo wa kumwandikia dereva hati ya kosa badala ya kumpeleka mahakamani moja kwa moja. Mwaka 2021 kiwango kwa gari kilikuwa shilingi 30,000 kwa kila kosa, na katika bajeti ya mwaka 2021/22 waendesha bodaboda walipunguziwa hadi shilingi 10,000. Kiwango cha kufuatwa siku zote ni kile kilichoandikwa katika hati. Jambo ambalo wengi hawalizingatii ni kwamba hati hiyo inampa mtu njia mbili: kukiri kosa na kulipa, au kukataa na kusikilizwa na mahakama. Mwenye kukiri na kulipa amelimaliza shauri lake mwenyewe. Akirudi baada ya wiki mbili na picha za kuonyesha kuwa kibao hakikuwapo, ataulizwa kwa nini alikiri.

Je, kukosekana kwa alama ni utetezi? Husemwa kwamba kutojua sheria si udhuru, na ndivyo ilivyo katika Kanuni ya Adhabu. Lakini hapa pana tofauti inayostahili kufikiriwa kwa makini. Yapo makatazo yaliyomo ndani ya sheria yenyewe, na yapo makatazo yanayozaliwa na alama. Kusimamisha gari juu ya kivuko cha waendao kwa miguu, katika makutano ya barabara au mahali panapowazibia wengine njia, ni kosa pawepo kibao au pasiwepo. Dereva anayepakia makabati huku nyuma yake magari yamepanga foleni hana haja ya kutafuta kibao. Hoja ya alama haitamwokoa.

Ama kipande cha barabara ambacho kwa kawaida mtu angeruhusiwa kuegesha, na kikakatazwa kwa alama tu, hukumu yake ni nyengine. Hapo alama ndiyo inayomfikishia dereva amri. Ikiwa haikuwapo, au imeanguka, au imefutika rangi, au imezibwa na mbao zilizoegemezwa kando ya karakana, dereva hasemi kwamba haijui sheria. Anasema kwamba amri haikumfikia. Kwa kuwa shauri ni la jinai, Sheria ya Ushahidi inautaka upande wa mashtaka uthibitishe kosa pasi na shaka ya maana, na Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13(6), inakataza mshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika hatia yake.

Wenzetu wamelipitia suala hili. Mwaka 1971 mahakama ya juu ya Uingereza ilifuta hatia ya dereva kwa sababu mistari iliyochorwa barabarani haikuwa ya namna iliyoamriwa na kanuni. Wenye magari wakafurahi, na baadhi yao wakaanza kupima mistari kwa rula. Lakini mwaka 2011 Mahakama ya Rufani ya huko, katika shauri lililotoka mji wa Sunderland, ilisema kwamba kasoro ndogo ya alama haibatilishi faini ikiwa dereva hakupotoshwa nayo. Mahakama za Tanzania hazifungwi na hukumu hizo, hata hivyo zinafundisha swali la kujiuliza: je, dereva makini, mwenye kutazama mbele na pembeni, angeijua amri? Kibao kilichopinda kidogo hakitoshi kuwa utetezi.

Kwa hiyo ushahidi ukusanywe siku hiyo hiyo, kabla gari halijaondoka. Picha zipigwe kutoka upande ambao gari liliingilia, kwa umbali wa kutosha kuonyesha barabara nzima pamoja na gari lenyewe. Picha ya nguzo tupu peke yake haimwambii hakimu kitu. Saa na tarehe ziandikwe, na fundi au mwenye duka aliyeshuhudia aombwe jina lake. Hili lina uzito zaidi katika barabara zinazoizunguka Keko, kama vile za Kilwa na Nyerere, ambazo zimepitiwa na ujenzi wa njia za mabasi yaendayo haraka, kwani ujenzi huweza kuviondoa vibao au kuvihamisha. Kibao kilichosimikwa leo hakithibitishi kwamba jana kilikuwapo.

Kwa askari mwenyewe, lugha ya adabu inatosha: "Afande, naomba unionyeshe alama iliyonikataza." Akiionyesha, jambo limekwisha. Asipoionyesha, dereva aeleze kwamba hakubali kosa, achukue nakala ya hati, na aandike barua kwa mkuu wa usalama barabarani wa mkoa wa kipolisi husika, akiambatanisha picha, kabla ya muda uliotajwa katika hati kumalizika.

Ushuru wa maegesho ni jambo jengine kabisa. Huo unasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017, na malalamiko yake hupelekwa kwa meneja wa wakala huo wa wilaya, si kwa polisi. Kwa barabara kuu, mwenye dhamana ya vibao ni TANROADS.

Mkaazi wa Unguja au Pemba apige pia hesabu. Nauli ya boti kwenda na kurudi kwa ajili ya kusikiliza shauri inaweza kuzidi faini yenyewe. Mwenye picha dhaifu ni afadhali alipe. Mwenye ushahidi ulio wazi aanze kwa barua, kwani haimgharimu safari. Dereva wa gari la Serikali awasilishe nakala ya hati kwa afisa usafirishaji wa taasisi yake mara tu anaporejea, na asikiri wala kulipa kwa niaba ya ofisi kabla ya kupewa maelekezo.