Kinu cha Maji cha Kusokota Pamba, Pawtucket

Msomaji, ukiisha kuuza pamba yako na kuhesabu fedha, yafaa ujue pia mambo yanayoipata baada ya kutoka mikononi mwako. Katika karatasi hii nitakueleza habari za kinu cha zamani kilichojengwa mwaka 1793 kando ya mto Blackstone, katika mji wa Pawtucket, jimbo la Rhode Island, Marekani.

Kwanza fahamu ugumu wa kazi yenyewe. Mfumaji hutaka nyuzi za namna mbili: za mtande, zinazokazwa sana kwa urefu wa kitanda, na za mshindio, zinazopitishwa katikati yake. Uzi wa mshindio waweza kuwa laini. Lakini uzi wa mtande ukiwa dhaifu hukatika, na kazi yote husimama. Huko Uingereza, mwaka 1769, Richard Arkwright alipata hati ya mashine iliyotoa uzi wa pamba wenye nguvu ya kutosha mtande. Ndani yake mna jozi za vigogo vya mviringo, na kila jozi huzunguka upesi kuliko ile iliyo nyuma yake. Hivyo utambi wa pamba huvutwa ukawa mwembamba, kisha husokotwa na kuzungushiwa kibiringo. Mashine hizo zikiwa nyingi hazikuweza kuendeshwa kwa mikono. Alitumia farasi, kisha mwaka 1771 akaanza kujenga kinu huko Cromford, na gurudumu la maji likafanya kazi hiyo.

Waingereza waliilinda sana elimu hii. Sheria yao ilikataza kupeleka mashine za nguo nchi za nje, wala fundi wake hakuruhusiwa kuhama. Samuel Slater, aliyezaliwa Belper mwaka 1768, alijifunza kazi kwa Jedediah Strutt, mshirika wa Arkwright. Mwaka 1789 akapanda meli kwenda Marekani bila kuchukua hata mchoro mmoja. Yote aliyaweka kichwani. Husimuliwa kwamba alijifanya mkulima. Na mkulima, kama ujuavyo, hakuna amshukuye.

Wakati huo Moses Brown, mfanyabiashara wa Providence, alikuwa amenunua mashine zisizofaa kitu. Slater alizitazama, akazikataa. Akashirikiana na wahunzi na maseremala wa Pawtucket kuunda nyingine. Tarehe 20 Desemba 1790 zikaanza kusokota kwa nguvu za maji, katika nyumba iliyokuwa ya kazi nyingine. Faida ilipoonekana, ndipo walipojenga kinu chao wenyewe cha mbao, pamoja na ukuta wa kuzuia maji mtoni.

Wafanyakazi wa kwanza walikuwa watoto tisa, wenye umri wa miaka 7 hata 12. Walisimama mbele ya mashine tangu asubuhi hata jioni, siku sita za juma, wakiunga nyuzi zilizokatika kwa vidole vyao vidogo. Slater alifungua shule ya Jumapili wapate kujua kusoma. Hata hivyo, siwezi kuisifu desturi ya kumtumia mtoto wa miaka saba kama sehemu ya mashine.

Sasa nataka uangalie sana habari hii. Hapo mwanzo Slater hakupenda pamba ya Marekani yenyewe, kwa kuwa ilikuwa chafu na yenye vipande vya mbegu. Alitaka ya Surinam na ya visiwa vya Karibi. Takataka ndogo katika utambi huacha mahali pembamba au penye fundo, na hapo ndipo uzi ukatikapo. Nimemwona mzee mmoja akirudishiwa mzigo wake mnadani kwa sababu ya majani makavu, akaona ameonewa. Laiti angalisimama saa moja mbele ya mashine ya kusokota!

Mwaka 1793 Eli Whitney alitengeneza mashine ya kuchambua mbegu, na pamba ya kusini mwa Marekani ikaongezeka mno. Lakini waliolima pamba hiyo walikuwa watumwa. Moses Brown alikuwa amewaacha huru watumwa wake mwaka 1773, tena alipigana na biashara ya watu. Na bado kinu alichokisaidia kilifungua njia ya viwanda vilivyotaka pamba ya watumwa kila mwaka zaidi kuliko mwaka uliotangulia.

Mwaka 1824 wenye vinu vya Pawtucket walipunguza ujira wa wanawake wafumaji, wakarefusha na saa za kazi. Wanawake wapatao 100 waliacha kazi, na watu wengi wa mji wakawa upande wao.

Viwanda vilienea katika majimbo ya jirani, hasa Massachusetts, na wafanyabiashara wa Salem wakaleta nguo zake Unguja. Ndiyo asili ya jina merikani, ambalo babu zetu waliliita shuka nyeupe isiyotiwa rangi. Vita vya Marekani vya mwaka 1861 hata 1865 vilipozuia pamba, merikani ilipungua sana pwani kwetu. Kinu cha Slater kingaliko, nacho ni nyumba ya makumbusho tangu mwaka 1955.